Nilifuta mbele ya macho yake, kumbe kompyuta imeweka

Assalaam aleikum Somo,

Nakuandikia kwa simu, usiku, nyumba nzima imelala. Kompyuta iko pale mezani nimeifunika leso. Usinicheke. Tangu Alhamisi naiona kama mtu aliyekaa chumbani akinitazama.

Mimi ni mpiga chapa. Nina chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, karibu na Biashara Street, mwaka wa 11 huu. Meza, printa, feni, basi. Wanaopanda ngazi zangu wengi ni wanawake wanaokwenda kwa kadhi: huyu ataka talaka, huyu masrufu ya watoto, huyu mirathi ya babake ambayo kaka zake wameikalia. Mimi si wakili na sijidai. Maneno ni yao, vidole ni vyangu.

Wananijia kwa sababu najulikana sina mdomo. Na nina desturi ambayo ndiyo mtaji wangu hasa: kazi ikiisha nachapisha nakala, namtilia kwenye flashi yake kama anayo, kisha nafuta ile faili yeye akiangalia, halafu naingia kwenye pipa la kompyuta nafuta tena. Namwambia, "Haya mamangu, hapa hukuja." Wengine hushuka ngazi wakicheka.

Miezi miwili iliyopita kakangu aliyeko Doha aliniletea laptopu mpya, maana ile ya zamani betri imekufa, stima ikipotea nayo inapotea. Aliyenitayarishia ni mwana wa dadangu, kijana wa miaka 19, anasomea mambo hayo hayo. Aliniwekea kila kitu. Akasajili kidole changu na chake pia, akasema, "Hiki cha dharura, khalati, siku ukisahau nambari." Nikamshukuru, nikampa nauli ya tuktuk na sahani ya pilau.

Alhamisi alikuja kunisaidia kutafuta mchoro wa kadi ya harusi ya dadake. Tuliuona kwenye intaneti kiasi cha wiki mbili nyuma, ukatupendeza sote, kisha nikaufunga bila kuuweka. Nikamwambia umeshapotea huo. Akacheka: "Khalati, hii yako haipotezi kitu." Akabofya, akaweka kidole chake, skrini ikageuka. Kukatokea mstari wa siku na saa, na picha. Picha za skrini yangu mwenyewe! Akaanza kuuvuta ule mstari nyuma kama mtu avutaye ndoo kisimani. Jumatano, Jumanne, Jumatatu. Nikaona barua ya kuomba kazi ya kijana mmoja wa Likoni, nikaona bei za leso nilizokuwa nikiulizia, nikaona WhatsApp yangu na dadangu tukimsema mtu, hilo niachie mwenyewe. Kisha mkono ukasimama.

Ilikuwa hati ya madai ya mama mmoja. Jina lake juu, herufi kubwa. Kijana wangu anamjua, hucheza mpira na mwanawe. Na si hati tu, Somo. Yule mama alipokuwa akinisomea alianza na neno "ananipiga". Nikaliandika. Akanyamaza, akajifuta jicho kwa ncha ya buibui, akasema, "Litoe hilo. Andika hatuelewani." Nikalitoa. Kwenye karatasi aliyoipeleka kortini halipo. Kwenye kompyuta lipo. Picha moja ina neno, ya pili ina nafasi tupu, ya tatu ina "hatu", ya nne "hatuelewani". Zimetungwa kama shanga.

Kijana akafunga haraka. "Khalati, mimi sijaona kitu." Lakini aliona, nami nilimwona akiona. Tangu siku hiyo hajapita kwangu, na Ijumaa bila kuja kula kwangu si kawaida yake.

Nakuuliza. Hivi vitu vimeshakwenda Marekani? Nimwambie yule mama, au ninyamaze nisije nikamuumiza bure? Niiuze hii kompyuta? Kakangu ataniuliza. Na wateja wote wa miezi miwili hii, je?

Mpiga Chapa, Mombasa

Wa aleikum salaam Mpiga Chapa,

Leso iondoe. Itaziba matundu ya hewa bure na haizuii kitu, kwa sababu picha hizo hazipigwi na kamera. Kompyuta inajipiga yenyewe, kwa ndani, kile kilichoko kwenye skrini yake. Wala hairekodi sauti, kwa hiyo kilio cha yule mama hakimo. Neno lake limo.

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja. Fungua mipangilio ya Windows, ingia palipoandikwa "Privacy & security", tafuta "Recall & snapshots", uzime swichi ya kuhifadhi picha. Zima tu. Usifute bado, kufuta tutakuja, kuna kitu nataka ukitoe humo kwanza.

Tayari? Haya, tuzungumze.

Hicho ulichokiona kinaitwa Recall, ni kazi ya Microsoft. Kila baada ya sekunde chache hupiga picha ya skrini, huyasoma maandishi yaliyomo, na huyapanga ili siku mwenyewe akisema "niliona wapi lile jambo" alipate. Ndiyo maana ulikuta neno likifutika hatua kwa hatua: kila skrini ilipobadilika, picha ilipigwa. Haiko kwenye kila kompyuta. Inahitaji aina mpya wanazoziita Copilot+, zenye kichakataji maalumu cha akili bandia na kumbukumbu ya gigabaiti 16 kwenda juu. Zile za mitumba za kutoka Ulaya zilizojaa kwenye saiba zetu haziwezi. Nasema hivi kwa sababu najua kesho jirani zako watasoma hapa na kuanza kuogopa kompyuta za mwaka wa 2015. Hizo zina aibu zake nyingine, lakini si hii.

Hii ya kwako ilizaliwa na kelele. Microsoft iliitangaza tarehe 20 Mei 2024, ikitarajiwa kutoka pamoja na kompyuta hizo Juni 18. Wataalamu wa usalama wakaichungulia mapema. Mwingereza mmoja, Kevin Beaumont, akaonyesha kwamba maandishi yote yaliyosomwa kwenye picha yalikuwa yakiwekwa kwenye hifadhidata ya kawaida, ambayo mtu akishaingia kwenye kompyuta anaweza kuisoma kama daftari la duka. Mwenzake, Alexander Hagenah, akatengeneza kiprogramu cha kuyakomba yote kwa mkupuo, akakiita TotalRecall. Nchini Uingereza, ofisi inayosimamia haki za taarifa za watu ikaitaka Microsoft ijieleze. Kabla ya Juni 18 kufika kampuni ikarudi nyuma, ikaichukua kuitengeneza upya. Iliporudi kwa watu wote, Aprili 2025, ilikuwa na kufuli: picha zimesimbwa, zimewekwa chumba cha peke yake ndani ya mashine, na kuzifungua ni lazima uthibitishe kuwa ni wewe, kwa uso, kwa kidole, au kwa nambari ya siri.

Nimekueleza yote hayo ili nijibu swali lako la kwanza. Microsoft inasema picha hubaki kwenye kompyuta yenyewe na hazipelekwi kwake. Kwa hiyo swali la Marekani liweke kando. Zile picha ziko Mombasa, juu ya duka la vitambaa, na ufunguo wake ni kidole cha mwana wa dadako.

Hapo ndipo penye shida, dadangu, na ni pa kawaida kuliko ulivyodhani. Kufuli lote lile walilohangaika nalo Wamarekani karibu mwaka mzima hulinda dhidi ya mtu wa mbali. Halijui kumlinda mteja wako na mtu uliyemsajili wewe mwenyewe kwa heri. Kompyuta ilipoona kidole chake ilijua ni mwenye nyumba, ikafungua. Ilifanya ilivyoambiwa. Na hata usingemsajili kidole, nambari ya siri anaijua, maana ndiye aliyeiweka. Nakisia ni mwaka wako wa kuzaliwa. Nimekosea?

Nina jingine la kukusomea, kuhusu nani aliiwasha. Katika toleo lililotoka kwa watu, Recall huja ikiwa imezimwa. Haiwaki hadi mtu aulizwe na ajibu ndiyo. Wewe hukumbuki kuulizwa. Kijana huyo anakumbuka, na anajua namna ya kuvuta mstari nyuma bila kutafuta kitufe. Sisemi aliweka mtego. Vijana wanaojifunza kompyuta huwasha kila kinachowaka, hasa kwenye mashine isiyo yao. Ila kuna swali moja la kumuuliza ambalo hukuniandikia: "Kabla ya Alhamisi, uliifungua mara ngapi?" Jibu lake ndilo litakalokuambia uwatafute wateja wangapi.

Basi mwite. Usimtumie ujumbe, mwite aje. Mahamri na mbaazi, asubuhi, mlango umefungwa. Usianze na adabu za kidini, usianze na mamake. Anza na kosa lako, kwamba ulimpa ufunguo bila kujua unafungua nini, na kwamba wewe ndiye uliyemwahidi yule mama, si yeye. Kijana aliyeona aibu ya watu akakimbia hakosi adabu. Kukaa kwake mbali siku hizi kunanionyesha kwamba neno lile limemkaa kooni. Mwulize ameona nini, mara ngapi, na kama amemwambia mtu. Kisha umwambie wazi kwamba hilo alilolisoma si la kumpelekea mwenzake uwanjani hata kwa nia ya kumsaidia. Vijana wa mpira husaidiana kwa vurugu, na yule mama ndiye atakayelipa nyumbani.

Mama mwenyewe lazima umwambie. Najua ulitarajia nikuambie unyamaze, nusu ya barua yako imeandikwa ili nikuambie hivyo. Lakini angalia jambo lilivyo. Alikwenda kortini akiamini lile neno lipo kichwani mwake na kichwani mwako tu. Sasa kuna mtu wa tatu, na huyo wa tatu anamjua mwanawe. Jambo likija kutoka, kwa mlango wowote, atatafuta limetokea wapi akiwa hana habari wala hana la kujikinga. Ukimwambia wewe, angalau ana nafasi ya kujipanga: aseme na mwanawe mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu, au aamue la kufanya na lile neno.

Namna ya kumwambia? Si kwa simu, na si kwa WhatsApp, tafadhali. Mmewe akiishika simu yake umemwongezea. Mwite kwa kisingizio cha kazi, nakala haikutoka vizuri, njoo nikuchapishie nyingine. Akikaa, maneno machache yatosha: "Mama, siku ile nilikuambia nimefuta. Faili niliifuta. Lakini kompyuta hii mpya ilikuwa ikipiga picha bila mimi kujua, na mtu wa kwangu aliziona. Aliona pia lile neno tulilolitoa. Nimeshaizima. Nimekuita ulisikie kwangu." Kisha unyamaze. Akikasirika, ana haki. Usijitetee kwamba hukujua; umeshasema mara moja, inatosha.

Na ukishasema hilo, mwulize kama yu salama. Halikosi maana neno hilo kuwa la kwanza kumtoka. Ukiona hataki kusema nawe, mwandikie kwenye kikaratasi nambari 1195, ni ya simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili majumbani, haitozwi. Akitaka kurudi kwa kadhi na neno lake la kwanza, mwandikie bila malipo. Hiyo ni rai yangu, mfuko ni wako.

Kuna upande wa sheria pia. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikuandikiwa mabenki na kampuni za simu tu. Anayeshika taarifa za watu kwa kazi yake, hata kwa meza moja na feni, anaingia humo. Taarifa zikifikiwa na asiyestahili na kukawa na hatari ya kweli ya kumdhuru mwenyewe, sheria inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 na mwenye taarifa naye aambiwe. Umeshapita hapo. Sikutishi, nakuambia ili ujue kwamba kumwambia yule mama si hisani unayomfanyia. Kama una wakili unayemwandikia hati, na najua unao mmoja au wawili wanaokutumia kazi, mwulize kwa nusu saa kuhusu hilo la Kamishna.

Wateja wengine itategemea jibu la kijana. Kama ni Alhamisi tu na alikuwa akikimbiza picha kutafuta kadi, sioni faida ya kupanda ngazi za watu 40 kuwatia hofu. Zikifutwa, zimefutwa. Kama alikuwa na mazoea ya kuchungulia, kaeni mwandike majina anayoyakumbuka, uanze nao mmoja mmoja. Na usidhani ya mwanzo yameshajifuta. Kompyuta ya gigabaiti 256 hutengewa kama gigabaiti 25 za picha hizo, na Microsoft yenyewe ilisema zinatosha kumbukumbu za miezi 3 hivi. Wewe unayo kwa miezi miwili. Maana yake kila hati tangu siku ya kwanza imo.

Utaniuliza kama haina akili ya kujua siri. Inayo kidogo. Ina kichujio cha kuruka maneno ya siri, nambari za kadi za benki na za vitambulisho. Lakini waandishi wa jarida moja la kompyuta walipoijaribu Desemba 2024, nambari za kadi zilizoandikwa mahali pa kawaida zilinaswa vilevile. Na hata kingekuwa kamili, kichujio kinatafuta tarakimu. "Ananipiga" haina tarakimu. Hakuna mashine ya Marekani iliyofundishwa kwamba neno hilo moja, kwenye karatasi ya Mombasa, ni zito kuliko nambari zote za benki za mtu huyo.

Kinachonikera zaidi, na hapa nitoke kidogo nje ya barua yako, ni hiki. Ukitazama filamu ya kulipia, Recall haiipigi picha. Filamu ina alama ya kulinda haki za mwenye filamu, na mfumo unaiheshimu. Programu ya ujumbe ya Signal ililazimika kuazima alama hiyo hiyo Mei 2025, ili Windows idhani mazungumzo ya watu ni filamu na kuyawekea giza. Kivinjari cha Brave nacho kikajikinga miezi miwili baadaye. Yaani mcheza sinema alikingwa tangu mwanzo, na mama wa watu ikabidi programu ijifanye sinema ndipo akingwe. Hati yako ya kuchapa haina alama yoyote.

Na hilo la Signal linakuonyesha jambo la pili: kuzima kwako hakutoshi kila mahali. Ukimtumia mteja rasimu, akaifungulia kwenye kompyuta ya ofisini kwa shemejiye yenye Recall iliyowashwa, imenaswa kule, na wewe huna habari. Kwa hiyo hati za kadhi zitoke kwako kwa karatasi na kwa flashi. Zikibidi kwenda kwa simu, mwulize atazifungulia wapi.

Nisikufiche na hili pia, ingawa litakuuma. "Hapa hukuja" yako haikuwa kweli kamili hata kwa kompyuta ya zamani. Programu za kuandikia huweka nakala za akiba zenyewe wakati unaandika, ili stima ikikatika usipoteze kazi. Orodha ya hati za karibuni hubaki na jina la faili, na wewe, nina hakika, huipa faili jina la mteja. Na faili iliyofutwa kwenye diski za zamani, mtu mwenye programu ya kuokolea anaweza kuirudisha hadi nafasi yake iandikwe kitu kingine. Hayo yalikuwa madogo, yanahitaji mtu mjuzi na mwenye nia. Hili la sasa halihitaji ujuzi, kidole tu. Ndiyo tofauti. Lakini kuanzia sasa usiahidi usichokiona. Sema, "Nimefuta nakala niliyokuandikia, na mashine yangu haiweki picha." Hilo utaweza kulisimamia.

Kompyuta usiiuze. Ni nzuri, na kuna watu ambao Recall ingewafaa: mtafiti anayezama kwenye kurasa 300 kwa siku, mtu anayesahau, mtu anayefanya kazi zake peke yake kwenye mashine anayoifungua yeye tu. Meza ambayo watu huja kuilalia wakalia si mahali pake. Ukishazima, na ukishazifuta zile picha kama nitakavyokueleza mwishoni, unaweza pia kuing'oa kabisa kwenye orodha ya vipengele vya Windows, unaondoa alama kwenye Recall na kuiwasha upya kompyuta. Kwa kazi yako ningeing'oa. Kilichozimwa huwashwa tena na mkono wowote ulio mwepesi.

Kisha vidole. Ingia kwenye akaunti, palipo na njia za kuingilia, uondoe alama zote za vidole, halafu uandikishe chako upya, chako peke yako. Badilisha nambari ya siri, iwe ndefu, na isiwe mwaka wowote wa mtu yeyote. Kijana akihitaji kutumia kompyuta, mfungulie akaunti yake pembeni. Mambo ya akaunti yake hayachanganyiki na yako. Ukimwambia haya atasikia kama umemnyima kitu. Mwambie ni masharti ya kazi, na uyaweke kwa wote, hata kwa dadako, ambaye kwa yale ya WhatsApp naona naye asingependa mengine yaonekane.

Ile ya zamani usiitupe. Inunulie betri, iondoe kwenye intaneti, iwe ya hati za kadhi tu. Mpya iwe ya barua za kazi, kadi na bei za leso.

Kakako wa Doha mwambie laptopu inaandika vizuri sana. Ni kweli.

Sasa tufute. Rudi pale pale kwenye "Recall & snapshots". Kumbuka kwamba kuzima hakufuti: za nyuma zimekaa zikingoja. Kuna kitufe cha kufuta picha, uchague zote, ukubali, zikiisha zimeisha. Lakini kabla hujabonyeza, fungua ule mstari mara ya mwisho, wewe peke yako, mlango umefungwa, uvute nyuma hadi siku ile mliyoangalia kadi za harusi. Usisimame popote njiani. Ukiuona mchoro, andika jina la tovuti kwenye karatasi, ufunge, ndipo ufute. Binti wa dadako ana harusi yake, na mchoro ule mlisema ni mzuri.